Ukuta Hauzai Maji

Mazungumzo ya ibada ya asubuhi redioni
Soma: Yeremia 2:4-13, Yohana 4:5-15

  

Asubuhi ya leo nataka tusafiri pamoja. Hatutalipa nauli wala kuomba pasipoti, maana tutakwenda kwa mawazo tu. Tutakwenda Marekani, katika mji wa Las Vegas, tupande basi la watalii tukalione bwawa la Hoover, mojawapo ya mabwawa yenye sifa kubwa duniani. Ni matembezi ya nusu siku. Basi huondoka asubuhi, na saa ya chakula cha mchana ikifika watu wamekwisha kurudi mjini. Lakini kabla hatujapanda, chukua Biblia yako, ufungue Yeremia sura ya 2, utie alama kwenye mstari wa 13. Tutaurudia.

Haya, tumepanda. Las Vegas ni mji uliojengwa jangwani, nao wajulikana ulimwenguni kote kwa taa zake na kwa kamari. Basi letu linauacha mji, linaelekea kusini-mashariki, na kwa mwendo wa kilomita 50 hivi hatuoni ila vilima vikavu na vichaka vya jangwani. Njiani tunapita mji mdogo uitwao Boulder City. Mji huo ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1930 ili wafanyakazi wa bwawa wapate mahali pa kukaa, na kamari ikapigwa marufuku ndani yake. Mpaka leo marufuku hiyo ipo. Fikiri, ndugu msikilizaji: mwendo mfupi tu kutoka mji wa kamari, upo mji ambao kamari haina ruhusa kuingia. Lakini hayo ni mahubiri ya siku nyingine. Tuendelee.

Tukikaribia bwawa, basi linasimamishwa, linakaguliwa na walinzi, kisha tunateremka kwa barabara yenye kona nyingi. Na tazama, bwawa hilo mbele yetu! Mto Colorado unapita hapa katika korongo jembamba lenye magenge marefu. Upande mmoja wa mto ni jimbo la Nevada, upande wa pili ni Arizona, na kati ya magenge hayo mawili wameuziba mto kwa ukuta wa zege. Kimo cha ukuta ni mita 221. Wewe uliyewahi kusimama chini ya lile jumba la mikutano la KICC pale Nairobi, ukatazama juu mpaka kofia ikaanguka, chukua majumba mawili ya namna ile, ulipandishe moja juu ya lingine, na bado ukuta huu utayapita. Unene wake kule chini kwenye msingi ni mita 201, na juu kabisa ni mita 14. Tena umejengwa kwa kujipinda kama upinde, mgongo wake ukielekea kwenye maji, hata maji yakiusukuma unazidi kujikaza kwenye miamba ya pande zote mbili.

Kiongozi wetu anatueleza historia. Kazi ilianza mwaka 1931, wakati Marekani ilipokuwa katika shida kubwa na mamilioni ya watu hawana kazi. Wanaume walikuja jangwani pamoja na wake na watoto wao, wakatafuta kibarua katika jua kali. Kwanza iliwapasa kuuhamisha mto. Wakatoboa mahandaki manne ndani ya miamba, na mwezi wa Novemba 1932 wakaugeuza mto upite humo, ili mahali pa kujengea pabaki pakavu. Wengine walining'inia kwa kamba kwenye magenge, wakiangusha mawe yaliyolegea kwa baruti na mitaimbo. Wengine wakachimba tope na changarawe katika sakafu ya mto mpaka wakafika kwenye mwamba mgumu. Mwezi wa Juni 1933 wakaanza kumimina zege, na Mei 1935 wakamaliza. Tarehe 30 Septemba 1935 Rais Franklin Roosevelt akaja kulizindua.

Wafanyakazi 96 wanahesabiwa rasmi kuwa walikufa katika ujenzi huo. Watalii hupenda kuuliza kama wako waliozikwa ndani ya ukuta. La, hakuna. Zege lilimiminwa kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, hata mtu asingeweza kufunikwa bila kuonekana. Walio na tikiti ya kuingia ndani hushuka kwa lifti wakaone mitambo 17 ya umeme, mikubwa kama nyumba, iliyopangwa safu mbili. Kwa kweli mtu akitazama kazi hiyo yote hana budi kuvua kofia. Mungu amempa mwanadamu akili.

Sasa, ndugu zangu, wageni wengi wakifika juu ya ukuta hukimbilia upande wa chini. Wanataka kuchungulia kile kina kinachotisha na kupiga picha. Mimi nakuomba ugeuke. Vuka barabara, utazame upande wa pili, upande wa ziwa. Mahubiri ya leo yako huko.

Ziwa hilo linaitwa Ziwa Mead. Miamba inayolizunguka ni ya rangi ya kahawia na nyekundu. Lakini kuanzia kwenye maji kwenda juu utaona mkanda mweupe, mweupe kama chokaa, umezunguka ziwa lote. Urefu wake kwenda juu umepata kupita mita 40. Weupe huo ni madini yaliyoachwa na maji juu ya mawe. Ni alama ya mahali maji yalipofika zamani.

Mwaka 1983 ziwa lilijaa hata maji yakamwagika kwenye mifereji ya maji ya ziada, na watu wakaja kushangaa. Mwezi wa Julai 2022 ziwa hilo hilo lilikuwa limeshuka mpaka kimo cha chini kuliko wakati wowote tangu lilipojazwa mara ya kwanza katika miaka ya 1930. Lilibaki na kama asilimia 27 tu ya maji linayoweza kuchukua. Theluji nyingi ya mwaka 2023 ililiinua kidogo, lakini halikujaa.

Nakuuliza swali, mpenzi msikilizaji. Je, ukuta ulipasuka? La. Je, wahandisi walilala wakaacha maji yavuje? La. Ukuta ni ule ule uliozinduliwa mwaka 1935. Umesimama imara, unang'aa juani, na watalii bado wanaupiga picha. Basi maji yamekwenda wapi?

Jibu liko mbali sana na ukuta. Mto Colorado unapata maji yake kutokana na theluji ya milima ya Rocky, mamia ya kilomita kutoka hapo. Tangu mwaka 2000 kumekuwa na ukame wa miaka mingi, na joto limezidi. Theluji ikipungua mlimani, mto unapungua, na ziwa linashuka. Ukuta ungefanya nini? Tena liko jambo jingine. Mwaka 1922 wajumbe wa majimbo saba waliketi wakagawana mto huo kwenye karatasi. Hesabu yao waliifanya kwa kutazama miaka iliyokuwa na maji mengi kuliko kawaida. Kwa hiyo waliahidiana maji ambayo mto, katika miaka mingine, hauna.

Sisi wa Kenya hatuna haja ya kwenda mbali ili kulifahamu neno hili. Tunalo bwawa la Masinga katika mto Tana, lililokamilika mwaka 1981. Mvua ikikosekana nyanda za juu, hata ukilisifu bwawa namna gani, maji hupungua. Ukuta hauzai maji. Kazi yake ni kuyahifadhi yale yaliyoletwa na mto. Usipoletewa, hauna cha kuhifadhi.

Sasa rudi kwenye Yeremia 2:13, pale ulipotia alama. Mungu anawashitaki watu wake kwa makosa mawili. La kwanza, wamemwacha yeye aliye chemchemi. La pili, wamejichimbia mabirika yao wenyewe, nayo yana nyufa. Ni kazi ngumu kuchimba birika katika mwamba. Watu hawa hawakuwa wavivu! Walitoka jasho. Walikuwa na hekalu, makuhani na sadaka. Walichokosa ni chemchemi.

Na tuseme leo birika letu halina ufa hata mmoja. Tuseme ni zima kama ule ukuta wa Hoover. Bado swali la Mungu liko pale pale: maji yako wapi?

Ndugu yangu, wewe mzee wa kanisa, umeshika ufunguo wa ofisi miaka ishirini. Hesabu za sadaka ziko sawasawa, hujaiba senti. Ukuta ni mzima. Lakini ni lini ulipiga magoti peke yako, mlango umefungwa, pasipo mtu wa kukusikia ila Mungu? Wewe mama uliye katika chama cha akina mama, kitambaa chako ni cheupe na hukosi mkutano. Ukuta ni mzima. Lakini yule jirani mliyekosana kwa ajili ya mpaka wa shamba, mmesalimiana? Wewe kijana wa kwaya, sauti yako huwatoa watu machozi. Lakini Biblia yako huifungua siku gani, kama si Jumapili?

Na sisi sote, washirika wa makanisa, tunafanya harambee ili tujenge. Tunaezeka mabati mapya, tunanunua viti, tunaweka vipaza sauti. Hayo ni mema. Mungu atusaidie tuyamalize. Lakini tusidhani kwamba tukimaliza ukuta tumepata maji.

Nataka niguse mahali panapouma kidogo. Miaka ile ile ya 1930 ambapo wale watu walikuwa wakimimina zege jangwani, hapa kwetu Mungu alikuwa akimimina Roho wake. Uamsho ulianza kuwaka Gahini, Rwanda, ukapita Uganda, ukaingia Kenya na Tanganyika. Watu waliungama dhambi zao hadharani. Walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni ya zamani, wakaombana msamaha mtu na mkewe. Watu wa makabila mbalimbali waliitana ndugu, wakaimba wimbo wa Kiganda hata wale wasiojua Kiganda. Maji yalijaa mpaka yakamwagika.

Leo, katika nyumba nyingi, wajukuu wanasema, "Nyanya yangu alikuwa mtu wa uamsho." Picha yake iko ukutani. Biblia yake imehifadhiwa kabatini. Mwanangu, namshukuru Mungu kwa ajili ya nyanya yako. Lakini huo ni ule mkanda mweupe juu ya mwamba. Unashuhudia kwamba maji yalipata kufika hapa. Hauwezi kumnywesha mtu hata kikombe kimoja.

Yule mwanamke Msamaria katika Yohana sura ya 4 alijivunia jambo kama hilo. Alimwambia Yesu kwamba kisima kile walirithi kwa baba yao Yakobo, na Yakobo mwenyewe alikinywea, pamoja na wanawe na mifugo yake. Ilikuwa kweli. Lakini yeye mwenyewe alikuwa amekuja na mtungi mtupu, saa ya jua kali, na kesho angekuja tena. Yesu hakukidharau kisima cha Yakobo. Alimwonyesha tu kwamba urithi wa baba si chemchemi ya mtoto, kisha akamwahidi maji yatakayobubujika ndani yake mwenyewe.

Kuna mambo mawili zaidi ya ziwa lile ambayo yafaa tuyasikie.

La kwanza, maji yalipopungua, vitu vilivyozama vilianza kuonekana. Mashua za zamani zilitokea matopeni. Na mwezi wa Mei 2022 watu waliona pipa kando ya ziwa, na ndani yake mabaki ya mtu aliyekuwa ameuawa kwa risasi miaka mingi iliyopita. Aliyelitupa pipa lile aliamini kwamba maji yatamfichia siri. Ndugu, wako watu wanaojificha ndani ya wingi wa ibada. Maadamu kuna nyimbo, mikutano na shughuli, yale ya chini hayaonekani. Lakini siku ugumu unapokuja, pipa linatokea. Mika 7:19 inatuambia kwamba Mungu huzitupa dhambi za watu wake katika vilindi vya bahari. Angalia tofauti. Dhambi aliyoitupa Mungu baada ya kuungamwa haitarudi pwani. Ile uliyoizamisha wewe mwenyewe itaonekana maji yakishuka.

La pili, wahandisi wana jina la kutisha wanaloliita bwawa mfu. Ni pale maji yanaposhuka hata kuwa chini ya matundu yote ya kuyatolea. Maji bado yapo, tena mengi, lakini hakuna tone linaloweza kupita ukuta kwenda kwa watu na mashamba ya chini. Ziwa Mead halijafika hapo, na wanajitahidi lisifike. Lakini kanisa la Sardi, tunalosoma habari zake katika Ufunuo 3:1, lilikuwa limefika. Lilikuwa na sifa ya uzima, huku Bwana akiliona limekufa. Mpenzi, je, kuna mtu wa chini yako anayepata maji kwa sababu yako? Watoto wako? Kibarua wako? Mwenzako kazini? Au yote yanaishia nyuma ya ukuta?

Pengine wasema, "Mwalimu, hayo yote ni kweli juu yangu. Nifanye nini?" Hebu tujifunze kwa watu wa mji ule.

Kwanza, wanapima. Kimo cha ziwa hupimwa kila siku na kutangazwa waziwazi, hata kikiwa cha kuaibisha. Hakuna anayesema limejaa wakati limeshuka. Wewe nawe mwambie Mungu ukweli. Mwambie, "Bwana, zamani nilifika pale kwenye mkanda mweupe. Leo niko hapa chini." Usimpe hesabu ya mwaka ule wa furaha yako ya kwanza. Wale wa mwaka 1922 waliahidiana kwa kutazama miaka ya neema, na wajukuu wao wanataabika. Mpe hesabu ya leo.

Pili, wanashuka chini zaidi. Las Vegas hupata kama asilimia 90 ya maji yake kutoka ziwa lile. Mwezi wa Aprili 2022 tundu la bomba la kwanza lilionekana juu ya maji, halina kazi tena. Je, mji ulikufa kwa kiu? La, maana walikuwa wamekwisha kuchimba handaki jingine chini ya ziwa, mahali pa kina kirefu, kazi iliyokamilika mwaka 2015. Hawakuketi kusifu ukuta. Walishuka. Ndugu yangu, maombi yale ya juu juu, ya dakika moja kabla ya chakula, hayakufikii maji tena. Shuka. Amka nusu saa mapema. Soma Neno polepole. Nenda kwa yule uliyemkosea, hata kama utatembea kilomita kumi. Huko chini, mahali pa kunyenyekea, maji yako.

Tatu, kuna jambo ambalo watu wale hawawezi, na sisi tumepewa. Wao hawawezi kuiamuru theluji ishuke mlimani. Huitazama mbingu na kungoja. Wewe nawe huwezi kujiletea uamsho kwa nguvu zako. Lakini sisi tunamjua aliye chemchemi, naye amesema katika Yohana 4:10 kwamba mtu akimwomba, atapewa. Yule mwanamke aliomba akiwa bado haelewi vizuri anaomba nini, naye akapewa. Hatimaye aliuacha mtungi wake pale kisimani, akakimbia mjini kuwaambia watu, na wengi wa mji ule wakamwamini Yesu. Maji yalipita ukuta yakafika kwa watu.

Kwa hiyo, kabla jua la leo halijachwa, tafuta mahali pa faragha. Usome tena Yohana sura ya 4. Kisha mwambie Bwana kimo cha maji yako ni kipi. Yeye anakijua tayari, lakini anangoja kusikia kwako. Na kama liko pipa, mtajie hilo pia.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe ndiwe chemchemi, nasi tumezoea kutazama kuta zetu. Twakushukuru kwa wazee wetu waliokunywa kwako wakashiba. Utusamehe tuliojivunia alama zao huku midomo yetu imekauka. Umfikie msikilizaji huyu aliye na cheo kanisani na moyo mkavu. Umfikie yule anayeficha neno kwa miaka mingi. Utunyeshee tena, Bwana, sisi na nyumba zetu na makanisa yetu, hata na wale walio chini yetu wapate kunywa. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.